Siku Nilipompigia Baba Mkwe

Mimi ni Mhehe wa Ipogolo, nimeolewa na Mnyakyusa. Kabla sijaolewa shangazi yangu alinikalisha jikoni akaniuliza kama najua ninakokwenda. Kwao mkamwana haongei na baba mkwe. Hamsalimii, hamshiki mkono, haketi naye chumba kimoja, na akimwona anakuja njiani anapinda pembeni mpaka mzee apite. Nikacheka, nikasema hayo ya zamani, siku hizi watu wamesoma. Shangazi akasema haya, utaona. Nikaona. Miaka yote ile ya ndoa, sauti ya mkwe wangu niliijua kwa kuisikia nyuma ya ukuta, akikohoa au akigombeza ng'ombe. Wala sikuchukia. Ni heshima yao, naye aliishika kwa upande wake vilevile: nikifika kwao kijijini Rungwe, anachukua fimbo anakwenda kukaa kwa jirani mpaka nimalize kupika.

Mama mkwe ni habari nyingine. Huyo tulikuwa tunataniana kutwa. Alikuwa na presha, na akija kliniki Mbeya mjini anafikia kwangu, anakaa wiki nzima akinisema kwamba Wahehe hatujui kupika ndizi. Ni kweli hatujui.

Asubuhi hiyo alikuwa uani anamenya ndizi, amevaa sweta langu kwa sababu ya baridi. Mume wangu alikuwa Madibira kwenye mpunga, ambako simu inashika ikitaka yenyewe. Yangu ikaanza kutetemeka mezani, hainyamazi. Nikaifungua. Kwenye grupu la ukoo kulikuwa na picha ya baba mkwe, pembeni wamemwekea mshumaa, chini wameandika apumzike kwa amani mzee wetu. Na chini yake watu wanamwaga pole mfululizo.

Nikakaa juu ya ndoo. Kitu cha kwanza kunijia ni yule mama kule nje. Juzi yake tu daktari alikuwa ametuambia waziwazi kwamba presha iko juu mno, msimshtue kwa jambo lolote.

Nikampigia shemeji mkubwa, aliyeko Dar. Analia. Nikamuuliza baba amefariki saa ngapi, alikuwa anaumwa nini, nani yuko naye. Hajui, ameona kwenye grupu. Nikampigia mdogo wake, naye ameona kwa kaka yake. Nikampigia binamu yao wa Tukuyu, ambaye ndiye aliyetutumia ile picha. Akasema ametumiwa na mtu wa kwaya, na mtu wa kwaya hapokei. Jamani! Ukoo mzima unalia na hakuna hata mmoja aliyeona maiti. Nikarudi kwa shemeji, nikakuta ameshafungua grupu jingine la msiba na mweka hazina ameshachaguliwa. Nikamuuliza, shemeji, umempigia baba mwenyewe? Akanijibu kwa ukali, marehemu anapigiwaje simu? Nilichoka kabisa. Mtu ana namba ya baba yake mzazi, anashindwa kuibonyeza, lakini picha ya profaili ameshabadilisha.

Nikiwa bado nimeduwaa nikasikia kilio getini. Jirani yangu anaingia, kitenge kakifunga kiunoni, nyuma yake wanawake wa jumuiya. Walikuwa wameona stetasi ya mdogo wa mume wangu. Nilikimbia kuwazuia, sikuwahi. Wakamkumbatia mama mkwe wakamwambia pole, mama, pole na baba. Kisu kikamdondoka. Aliniangalia mimi, siyo wao. Nikamwambia ni uvumi tu, mama, hatujapata uhakika. Jirani, kwa nia njema kabisa, akasema lisemwalo lipo, jikaze mama. Ningeweza kumzaba kibao.

Mama akakaa chini palepale kwenye maganda ya ndizi. Hakulia. Alianza kupumua kama mtu aliyepanda mlima, na mkono ameuweka kifuani.

Sikufikiria mara mbili. Niliingia chumbani, nikatafuta ile namba ambayo mume wangu aliniwekea kwa ajili ya dharura na ambayo sikuwahi kuigusa, nikapiga. Ikaita. Ikapokelewa.

"Haloo," ikasema ile sauti ya nyuma ya ukuta.

"Shikamoo, baba. Ni mke wa mwanao, wa Mbeya mjini. Wanasema umefariki."

Nikasikia kuku, nikasikia mtu anacheka kwa mbali. Halafu akakata. Hakusema marahaba, hakusema niko hai, alikata kama mtu aliyeshika kaa la moto.

Lakini yu hai! Nikatoka mbio, nikapiga magoti mbele ya mama, nikamwambia baba mzima, nimeongea naye sasa hivi. Akanitazama kwa huruma. Ndiyo, kwa huruma, yeye ndiye aliyenihurumia mimi.

"Mwanangu," akasema, "usinidanganye ili nitulie. Mkamwana haongei na mkwe wake."

Nikaandika kwenye grupu kwamba mzee yupo, nimemsikia kwa masikio yangu. Shemeji akajibu kwamba hata msibani naleta utani, mkamwana gani huyo wa kuongea na baba. Mwingine akaweka kikatuni cha kushangaa. Mungu wangu! Picha isiyo na mwenyewe waliiamini hata kabla hawajamaliza kuisoma, na mimi niliyesikia pumzi ya mtu ndiye mwongo. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi; hawakuwahi kuona bando. Nikapiga tena, nikaweka sauti ya nje ili mama asikie mwenyewe. Ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Ikaita mpaka ikakata. Na kila ilivyoita bila kupokelewa, nilimwona mama anazidi kuamini, na wale wanawake wakaanza kuimba wimbo wa msiba taratibu.

Nikampokonya jirani simu yake, nikampigia mzee kwa hiyo namba ngeni. Akapokea mara moja. Nikaisukuma sikioni kwa mama.

"Haloo? Nani mwenzangu?"

Mama alisikia. Naapa alisikia, macho yalimtoka, mkono mmoja ukainuka. Akafungua mdomo amjibu mumewe, mdomo ukaenda upande, neno halikutoka. Mkono wa pili haukuinuka kabisa. Wimbo ulikatika. Jirani ndiye aliyemwambia mzee kwenye simu kwamba mkewe ameanguka, na sisi wengine tukambeba mama kwa vitenge mpaka kwenye bajaji, hospitali.

Shemeji aliandika samahani kwa usumbufu, taarifa haikuwa sahihi. Basi. Tulichokuja kujua ni kwamba kijijini alikuwa amefariki mzee mwingine wa kanisa, na mtu fulani aliokota picha siyo. Mtu gani, mpaka leo kila mmoja anamsonta mwenzake.

Baba mkwe alifika jioni ileile, lakini siku kadhaa alikuwa anakaa kwenye benchi nje ya wodi, anasubiri nitoke ndipo aingie. Asubuhi moja nilikuwa namlisha mama uji kwa kijiko, nikamwona amesimama mlangoni. Nikainuka haraka, nikajifunika kitenge, nikatafuta pa kupita. Mlango ni mmoja.

"Kaa," akasema.

Nikakaa, macho chini. Akavuta stuli upande wa pili wa kitanda, akaushika ule mkono uliokufa, akamsalimia mkewe kwa lugha yao, ugonile. Mama akatoa sauti tu. Mimi hata kumeza mate niliogopa. Kisha mzee akaongea, akimtazama yeye lakini akisema nami.

"Ile mara ya pili simu ilikuwa mkononi mwangu. Nilijua ni wewe. Nikaiacha iite."

Alinyoosha mkono akachukua kikombe kwangu, vidole vyake vikagusa vyangu, akaanza kumlisha mwenyewe. Kila kijiko uji ulirudi pembeni mwa mdomo, naye aliufuta kwa kiganja.