Kichwa cha Happiness

Verediana alimzaa Happiness wakati wa masika, na kabla hajamaliza arobaini, majirani wa mtaa wa Buzebazeba walikuwa na maneno. Paji la mtoto lilirudi nyuma mara tu baada ya nyusi. Kofia ya kichanga ilimpwaya mpaka ikafunika macho.

"Kichwa kitakua," alisema mumewe, Gervasi, fundi wa injini za boti. Miezi ilivyopita, akaacha kusema.

Mama mkwe, Bi Regina, hakuacha maneno. Mara Verediana alikunywa gongo kwa siri akiwa mjamzito, mara amerogwa. Verediana, ambaye hajawahi kuonja pombe, alichoka kujitetea. Kila asubuhi alipasha mafuta ya mise, yale ya kokwa za mchikichi, akamkanda mtoto kichwa taratibu huku akisali, kisha akakipima kwa kiganja. Kilienea chote kiganjani, kama jana.

Mtoto alipopita mwaka, siku alipokakamaa na macho kupinduka, Bi Regina alimfunga mgongoni. Alitaka kumpeleka kwa mganga huko Kidahwe, achanjwe utosini ili kichwa kifunguke. Verediana alimshika kanga mlangoni.

"Mama, nakuheshimu. Lakini wembe hautagusa kichwa cha mwanangu."

"Basi utamzika mwenyewe," alijibu mkwe, akamfungua mtoto.

Verediana akampeleka hospitali. Daktari Esther alizungusha utepe juu ya nyusi na kisogoni, kisha akauliza. Je, ana undugu na mumewe? Mtoto alilia mara alipozaliwa? Mimba ikiwa changa, alipata homa na vipele?

Hapo Verediana alikumbuka. Alikuwa akianika dagaa ufukweni Kibirizi. Vipele vilimtoka usoni, tezi zikavimba nyuma ya masikio, na baada ya siku chache akapona. Alidhani ni joto la mchanga.

"Huenda ilikuwa rubela," alisema daktari. "Mama hupona upesi, lakini virusi hupita hadi kwa mtoto na kuzuia ubongo usikue. Fuvu hufuata ubongo. Ubongo ukidumaa, kichwa nacho hubaki kidogo. Siwezi kuapa, maana kwa umri wake vipimo haviwezi tena kunipa uhakika. Masikio nayo tutayapima. Lakini si uchawi, na wewe hukukosa."

"Nikiendelea kumkanda?"

"Kumkanda hakusaidii kitu, dada."

"Na dawa?"

"Ya degedege ipo. Ya kukuza kichwa, hakuna."

Verediana alitamani aambiwe amekosa. Kosa mtu angelitubu. Hili halikuwa na pa kushika.

Nyumbani aliyasimulia yote. Gervasi alisikiliza, kisha akapiga makofi kwa nguvu karibu na sikio la mtoto. Happiness hakugeuka. Gervasi aliketi sakafuni, akamwambia mama yake, bila kumtazama, "Ulikuwa ugonjwa, Mama." Siku ya pili Bi Regina alirudi kwao Kasulu, na hakuaga.

Sasa Happiness ana miaka miwili. Hasikii, na shingo bado haijakaza. Degedege imepungua kwa dawa. Verediana ameacha dagaa, kwa kuwa hakuna anayekubali kumshikia mtoto. Zipo asubuhi ambazo hawezi kuamka, analala amegeukia ukuta. Siku hizo Gervasi ndiye humnyoosha mtoto miguu kama walivyofundishwa hospitali, mguu mmoja kisha mwingine, halafu anakwenda kazini akiwa amechelewa.