Mama Alipokatazwa Jodari

Jodari akikaangwa karibu yangu, hata hapa Dar nilipopanga ghorofani, hucheka peke yangu. Harufu ile hunirudisha kijijini kwetu Utende, kisiwani, mwaka ule mama alipoacha samaki kwa sababu yangu.

Jirani yetu Bi Zuhura alikuwa na televisheni, na sisi watoto hatukukosa tamthilia ya hospitali, ile iliyotiwa sauti za Kiswahili. Siku moja mgonjwa alivimba uso, daktari akamwambia ana mzio wa samaki, akila tena atakufa. Maneno yale yaliniganda kichwani.

Haikupita wiki, baba akachelewa baharini. Mashine ya boti iligoma, jodari wake akapigwa na jua kutwa, na mama akamkaanga hivyo hivyo. Mimi nilikuwa kwa Bi Zuhura. Niliporudi nikamkuta mama uso umemwiva, mabaka shingoni, moyo unamwenda mbio. Nililia kama niliyefiwa. Nikawaambia ugonjwa huo naujua, akigusa samaki tena tumempoteza. Baadaye mama akapoa, ila hofu haikupoa. Akawa mtu wa maharage na kisamvu, tena nyumbani kwa mvuvi!

Baba naye akaanza safari za Baleni, kwa binamu yake mwenye minazi, nami nikadhani anafuata mihogo.

Mwisho shangazi alichoka na hofu yetu, akatukokota sote hadi hospitali, Kilindoni. Daktari, dada mpole, alinisikiliza nikisimulia tamthilia yote bila kucheka, kisha akamgeukia mama.

"Mama, siku ile nani mwingine alimla yule samaki?"

Baba akajikuna shingo. Yeye pia alimla, akawashwa sana, akadhani ni jua tu.

Daktari akatabasamu. Mzio, alitueleza, ni mwili wa mtu mmoja kumkataa hata samaki asiye na ubaya wowote. Jodari akikaa juani, vijidudu hutengeneza ndani yake sumu inayowasha na kuvimbisha mfano wa mzio, wala moto wa kikaango hauiondoi. Humpata yeyote aliyemla.

"Huna mzio, mama. Kula samaki wako, ila baba amlaze kwenye barafu."

Mama alisema alhamdulillahi njia nzima. Mimi nilijihisi nimetuliwa gunia kichwani.

Nilipokuwa mkubwa ndipo mama aliponiambia ya Baleni. Baba alikuwa akiomba shamba, na boti ilikuwa imeshapata mnunuzi. Mtu asiyejua hata kushika jembe alikuwa tayari kuiacha bahari, ili mkewe asinuse asichoweza kula.