Baadi ya Mwalimu Wafula

Bado naiona asubuhi ile kisimani, mwanangu, upande wa Tarbaj, nikiwa kijana mwenye ndevu changa na hasira za bure. Ngamia wetu jike, yule aliyekuwa na maziwa, hakurudi na wenzake. Tulifuata nyayo zake mpaka karibu na boma la jirani zetu, kisha zikapotea kwenye mawe. Sikungoja zaidi. Nilisimama mbele ya watu wote waliokuja kunywesha mifugo, nikapaza sauti kwamba ngamia wetu ameibwa na mwizi tunamjua.

Baba hakupenda kelele. Alinishika mkono, akanivuta, na mbele ya watu wale wale akaniambia, "Sema baadi."

Akarudia, "Futa neno lako. Sema baadi."

Kwa Kisomali chetu, baadi ni mnyama aliyepotea njia, na huenda yuko kwa mtu. Aliye na baadi hana kosa. Anaweza kumleta mchana kweupe, akasema nimemkuta porini nikamtunza, akanywa chai kwako na kwenda zake na heshima yake. Lakini ukishamwita mtu mwizi mbele ya watu, amebakiwa na njia mbili tu: apigane nawe, au amchinje ngamia ili asionekane tena. Baba alinieleza hayo tukiwa njiani kurudi, na alinigombeza kweli kweli. "Unataka ngamia au unataka ugomvi?" aliniuliza. Nadhani nilitaka ugomvi.

Akazunguka visima akitangaza baadi yake: rangi ya ngamia, alama ya ukoo shavuni, sikio lililopasuka. Siku chache baadaye tulimkuta amesimama karibu na zizi letu, miguu ya mbele imefungwa kamba. Watu wakaanza kuja kumtazama. Baba alikimbia, mtu mzima yule, akapiga magoti na kulifungua fundo kabla hawajafika. Kisha akamfunga upya kwa fundo letu la nyumbani, lile linalopita mara mbili na ncha yake kurudi chini ili lisiubane mguu, na siku hiyo hiyo akanifundisha kulifunga. Nilimuuliza haraka ile ilikuwa ya nini. Hakunijibu. Nilidhani ni furaha tu.

Baadaye nilihamia mjini Garissa nikawa dalali katika soko la mifugo, kazi iliyonipa nyumba hapa mtaa wa Iftin na magoti haya yanayonitukana kila ninapoinuka. Jirani yangu, ukuta kwa ukuta, ni Mwalimu Wafula, mtu wa magharibi mwa Kenya aliyeletwa huku akiwa kijana kufundisha jiografia, akastaafu bila kuondoka. Mkewe alifariki, watoto wake wako mbali. Kiswahili changu amekichonga yeye. Mpaka leo nikisema "bole" badala ya "pole" anageuka kuwa mwalimu tena.

Mwalimu ana kitu ambacho sijakiona kwa mtu mwingine. Baba yake alifanya kazi ya reli, naye tangu ujana amekuwa akikusanya treni ndogo za chuma, vichwa na mabehewa ya kukaa kiganjani, kila moja imeigwa kutoka treni ya kweli mpaka ngazi na vishikio vya milango. Nyingine hazitengenezwi tena popote. Sebuleni kwake kuna meza kubwa yenye reli iliyozunguka, na akibonyeza swichi treni zinakwenda. Mji wetu hauna reli, mwanangu. Watoto wa Iftin wamejua treni ni nini kwenye meza ile, na siku ya Idi hupanga foleni mlangoni kwake na nguo zao mpya. Nami nilikuwa nikienda, nikisingizia kwamba nawapeleka wajukuu.

Mwaka jana Mwalimu alisafiri kwao kumzika kaka yake. Aliporudi, aliniita kupitia ukutani kwa sauti ambayo sikuijua. Kufuli lilikuwa limekatwa. Runinga ilikuwa palepale, redio palepale, lakini meza ilikuwa tupu. Hata reli zilikuwa zimeng'olewa, zimebaki alama zake kwenye vumbi. Aliyeingia alijua anachokitaka. Huenda alikuwa ameona kwenye mtandao kwamba ng'ambo kuna watu wanaozitafuta treni kama hizo kwa hamu kubwa.

"Wachukue zote, Mzee Bulle," Mwalimu aliniambia, "wanirudishie kile kichwa cheusi tu."

Kichwa hicho cheusi kiliwahi kuanguka sakafuni, rangi ya chini ikabanduka. Mkewe alichukua rangi yake nyekundu ya kucha akapaka pale, akacheka, na kwa sababu ya alama ile Mwalimu alikithamini kuliko vingine vyote. Alikaa kwenye kiti akiitazama meza. "Ndugu zangu kila mwaka huniuliza nitarudi lini nyumbani, nami huwaambia niko nyumbani," alisema. "Sasa nitafunga mizigo."

Alikuwa amekwisha kwenda kituo cha polisi, akaandika taarifa yake, na hiyo ilikuwa haki yake. Lakini tulipokuwa bado tumekaa pale, vijana waliingia, mbele yao Abdirashid, mtoto wa ndugu yangu. Alikuwa na simu mkononi.

"Adeer, ni Issack," alisema. Adeer ndiyo baba mdogo kwetu. "Ule fundi wa stima. Si ni yeye aliweka waya za hii meza? Niko na picha yake. Naposti kwa grupu ya mtaa saa hii, watu wamjue."

Nakwambia ukweli, mwanangu, hata mimi nilimshuku Issack. Alikuwa ameingia nyumba ile mara nyingi, na mama yake ni mjane anayeuza maziwa ya ngamia, hali yao si nzuri. Nilikuwa nimeshafungua kinywa kusema posti. Na tunajua mtaani kwetu picha ya namna ile humfikisha mtu wapi kabla jua halijazama. Ndipo nikahisi ule mkono wa baba, kana kwamba umenishika tena.

"Weka simu chini," nikasema. "Hatuna mwizi hapa. Tuna baadi."

Mwalimu aliinua kichwa. "Baadhi? Si baadhi, Mzee. Zimekwenda zote."

Ikabidi nimfundishe mwalimu neno. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akakasirika. "Treni hazina miguu, Mzee Bulle. Hazikupotea njia malishoni. Ziliibwa, na aliyeziiba yuko hapa mjini anakula na kulala!"

"Hiyo mimi najua," nikamwambia. "Lakini wewe nataka treni ama nataka mtu?"

Hakunisahihisha Kiswahili changu siku hiyo. Akavuta kiti chake karibu na changu.

Nilimweleza ninavyoona. Mizigo ile ilikuwa bado karibu. Nani angepita nayo darajani au kwenye ukaguzi wa njia ya Liboi, sanduku limejaa nyaya na mota ndogo, aanze kuwaeleza maaskari kwamba si bomu, ni vitu vya kuchezea? Aliyezichukua alikuwa amekaa nazo, zinamchoma mikononi, na alichohitaji ni mlango wa kutokea. Nikamwomba Mwalimu anipe alama za treni zake. Akaanza kunitajia thamani ya kila moja. Nikamkataza. Baadi haitangazwi kwa bei, kwa sababu bei humfanya aliyenayo akaze mkono. Inatangazwa kwa alama, na alama moja unabaki nayo moyoni ili chako kikirudi ujue ni chako. Tukabaki na ile rangi ya kucha.

Ijumaa, imamu alitangaza baada ya swala. Mimi nilitangaza sokoni, na akina mama wa maziwa wakapeleka habari majumbani: kuna baadi ya Mwalimu, treni ndogo za chuma, aliyeziona azilete kibandani kwangu, chai ipo na maswali hakuna. Wenzangu madalali walinicheka sana. Mmoja aliniuliza kama nimeshaangalia visimani, huenda treni zimekwenda kunywa maji. Niliwaacha wacheke.

Siku moja Issack alikuja kibandani. Picha haikuwekwa, lakini midomo ilikuwa imefanya kazi yake. Hakukaa.

"Adeer Bulle, watu wananiangalia vibaya," alisema. "Mama anarudi na maziwa nyumbani, hakuna mtu ananunua. Wallahi sikuchukua kitu ya Mwalimu."

"Hakuna aliyekuuliza," nikamjibu. "Tunatafuta baadi tu."

"Kama ni baadi, mbona hata wewe unaniangalia hivyo?"

Alisema kweli, mwanangu. Ulimi wangu ulikuwa umesema baadi, lakini macho yalikuwa yamesema lile neno jingine tangu alipotokea. Aliondoka akijipangusa uso kwa shati, na chai niliyokuwa nimemmiminia ikapoa.

Asubuhi iliyofuata nilifika sokoni mapema kidogo kuliko kawaida. Nyuma ya kibanda, kando ya magunia ya chakula cha mifugo, palikuwa na boksi kubwa lililofungwa kamba. Nililitikisa nikasikia chuma kikigongana. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, nikainama kulifungua, na vidole vyangu vikaelewa kabla ya macho.

Kamba ilikuwa imepita mara mbili, ncha yake imerudi chini.

Hilo ni fundo letu. Katika Garissa nzima hakuna anayelifunga ila watoto wangu na watoto wa ndugu yangu, kwa sababu niliwafundisha mimi mwenyewe kwa mikono hii, juu ya mbuzi wa Idi, nikiwasimulia habari za babu yao. Aliyefunga boksi lile hakufikiri. Mikono yake ilifunga tu jinsi ilivyofundishwa. Mwizi niliyekuwa nikimfungulia mlango, nikidhani ni mtoto wa mjane, alikuwa ametoka nyumbani kwangu.

Nilitaka kulia na nilitaka kuchukua bakora nikawapange wote mstari mmoja. Lakini madalali walikuwa wakija, mmoja ameshaanza kuita, "Bulle, treni zimetoka malishoni?" Nikapiga magoti, magoti haya haya, nikalifungua lile fundo haraka kuliko nilivyowahi kufungua kitu chochote, na kamba nikaitia mfukoni. Nikiwa pale chini ndipo nilipomkumbuka baba akikimbia. Sijui siku ile aliona fundo la nani. Huenda lilikuwa la jirani, na huenda lilikuwa la mtu wa karibu zaidi. Alikufa nalo.

Mwalimu aliletwa. Alitoa treni moja moja akizipanga kwenye gunia tupu. Kichwa cheusi kilikuwa chini kabisa, kimezungushiwa gazeti. Alikigeuza. Ile nyekundu ilikuwepo. Alikishika kifuani kwa muda, kisha akanitazama.

"Si baadhi, Mzee," alisema. "Zote."

Mizigo hakufunga. Lakini mimi nilikuwa bado na deni la macho yangu. Nilitoka sokoni moja kwa moja hadi kwa mama yake Issack, nikanunua maziwa, nikayanywa nimesimama barabarani watu wote wakinitazama. Nilimwomba Issack msamaha mbele ya mama yake. Alinisamehe kwa mdomo siku ile, na kwa moyo ilimchukua muda zaidi, na nilistahili.

Sasa sikiliza, mwanangu, wewe uliye na simu mkononi. Sisemi wizi ni jambo dogo. Ni haramu, na aliyeibiwa ana haki ya kwenda kituoni na ana haki ya kulia. Lakini kitu chako kikipotea, jiulize kwanza kama unakitaka kitu au unataka mtu wa kumwaga hasira yako juu yake. Acha mlango ambao mwenye kosa anaweza kupitia akirudi. Usitaje jina la mtu kwa kuwa ni maskini na aliwahi kuingia nyumba hiyo. Na ukisema baadi, iseme kwa macho pia. Picha ile ingewekwa, mtoto wa mjane angeuawa kwa kosa la mtoto wangu, na mtoto wangu angenyamaza maisha yake yote, kwa kuwa nisingekuwa nimemwachia pa kupita.

Na wewe uliyefunga fundo lile, ambaye huenda unayasoma haya, wewe pia ni mwanangu. Sijauliza na sitauliza. Kamba ninayo. Siku ya Idi njoo usimame kwenye foleni na watoto, uingie kwa Mwalimu, umsalimie, uitazame treni ikizunguka. Halafu nenda kwa Issack ukanywe maziwa ya mama yake. Wewe mwenyewe utajua la kumwambia.

Mungu awarudishie kila mlichopoteza kikiwa kizima. Awape ulimi usiotangulia mbele ya ukweli, na mikono inayokumbuka ilikofundishwa. Na siku mtakayopotea ninyi wenyewe njia, awajalie mtu wa kuwaita kwa neno jema, ili mrudi nyumbani mchana, mkiwa mmeinua nyuso. Amina.