Nasoma diploma kwa tablet hapa Amu (Lamu), na kamera yake karibu inikoseshe project

Salaam wakuu. Uzi huu ni wa wale wanaouliza kama tablet inatosha chuoni. Huu ni mwaka wangu wa pili bila laptop. Nitaeleza yalivyokuwa, hata pale nilipojiaibisha.

Nasoma ubunifu wa mavazi. Tablet yangu ina kibodi ya kubandika na kalamu yake. Notes, pdf, assignment, vyote vimo humo.

Swaleh wa darasani kwetu hakuamini. "Dada, hiyo ni ya kutazamia katuni. Project utaandika na nini?"

Project ilikuwa juu ya kofia za kushonwa kwa mkono. Mwalimu alisema wazi: michoro mitatu ya nakshi kutoka kwa mshonaji mwenyewe, si ya mtandaoni. Ukikosa, unarudia muhula. Mshonaji niliyempata ni Bi Rukia, na zilibaki siku nne za kuiwasilisha. Nikaenda kwake.

Akanikaribisha ndani. Alikuwa kichwa wazi, kama mwanamke yeyote nyumbani kwake.

Nikabandika kibodi, nikaisimamisha tablet mbele yake kama laptop.

Mmeliona kosa? Mimi sikuliona. Kamera ya nyuma ilikuwa inamwangalia yeye.

Akavuta leso akajifunika hadi usoni. "Hicho chanipiga picha!"

"La, Bi, naandika tu."

"Waandika na jicho lanitazama? Toka nacho!"

Nikatoka. Na mimi ni mzaliwa wa papa hapa, nisingekubali mtu anielekezee kamera chumbani kwangu. Sikufikiri tu.

Kesho yake nikabandika plasta kwenye kamera zote mbili, kibodi nikaiacha nyumbani. Nikamwomba radhi, nikampa tablet aikague mwenyewe.

Akaigeuza, akaigusa plasta kwa ukucha, akacheka. "Umeivisha kininja, nikabu hadi machoni!"

Nikailaza mkekani kama karatasi, nikaanza kuchora anavyonieleza. Mstari wa pili tu akanikatiza.

"La, si ndia hiyo, uzi haupiti hapo. Nipa hiyo kalamu."

Akachora mwenyewe. Alipokosea nikamwonyesha pa kufutia. "Lo! Ningekuwa nayo usichanani mwangu, vitambaa vingapi nisingeviharibu!" Nilitaka mitatu, akanipa mitano.

Sasa, kwa anayepanga kununua: majedwali marefu yanachosha kwenye tablet, na kurasa za mwisho nilizipanga kwenye kompyuta ya cyber. Kozi yako ikiwa na programu nzito, chukua laptop, usijitese. Lakini kwa kusoma, kuandika na kuchora inatosha kabisa. Hakikisha tu ina kalamu.

Nilichojifunza ni kwamba nilikuwa nailazimisha iwe laptop. Faida yake ni kwamba unaweza kuilaza chini na kumkabidhi mwenzako aishike.

Project imepita. Mwalimu anataka mchoro mmoja aubandike ukutani darasani. Nimemwambia ruhusa si yangu, ni ya Bi Rukia, na kesho naenda kumuuliza.

Haya, wenye tablet chuoni, zenu zimewakwamisha wapi? Na anayesita kununua aulize bila haya, nitamjibu polepole.