Paa Lililoezekwa Wamisionari Wakiwa Kizuizini

Niliacha shule darasa la tano, na tangu hapo sijakaa mahali pamoja zaidi ya misimu miwili. Nimeshona viatu Utemini, nimepakia vitunguu kwenye malori, nimerina asali katika misitu ya Rungwa. Kila nilikofika nilitaka kujua kitu hiki alikifanya nani na kwa nini, na watu wengi wamenichoka kwa hilo.

Mwaka juzi nilikuwa katika kijiji kimoja, nusu siku kwa miguu kutoka Kiomboi. Kanisa la pale lilinipa kazi mbili: kubadilisha mbao za dari zilizooza, na kuandika ubao wa majina ya wachungaji wote tangu mwanzo. Jubilei ilikuwa karibu. Mwenyekiti wa kamati, mwalimu mstaafu mwenye mwandiko mzuri kuliko wangu, alinipa orodha. Juu kulikuwa na wamisionari wa Kijerumani, kisha wazungu wengine, kisha wenyeji. Kati ya Wajerumani na wale waliowafuata palikuwa na mstari mmoja: "Vita. Kanisa lilifungwa."

Nilikuwa nimechovya brashi niuandike mstari huo bibi mmoja alipoingia na fimbo yake. Nilimwamkia, akaitikia, akaniambia nimsomee, maana macho yake hayaoni tena herufi. Nikamsomea.

"Lilifungwaje, mjukuu wangu? Halikuwa hata na mlango."

Nikaweka brashi chini. Maneno kama hayo ndiyo yaliyonifanya nisimalize shule.

Baba yake alikuwa mwinjilisti hapo. Vita vilipoanza huko Ulaya, kuta za kanisa zilikuwa zimefika juu ya madirisha, bila paa. Nchi ilikuwa mikononi mwa Mwingereza, kwa hiyo Mjerumani aligeuka adui, hata yule ambaye maisha yake yote alikuwa ameshika Biblia na pimamaji ya fundi tu. Lori likaja na askari. Bibi, wakati huo mtoto mkubwa wa kutosha kubeba mdogo wake mgongoni, alimwona mke wa mmisionari akianua nguo alizokuwa amezifua asubuhi. Alizikunja mbichi, akazipanga sandukuni, na hizo ndizo zilizomliza, si nyumba. Mume wake alimpa mwinjilisti msumeno, akataka kusema neno, askari akamwambia apande. Walipelekwa kizuizini, baadaye wakarudishwa kwao. Hawakuonekana tena.

Baba yake bibi ndiye aliyehubiri miaka yote ile, akazika wafu, akaezeka kanisa. Wazungu wapya walipofika waliwakuta watu wamekaa chini ya paa, wakaandika kwamba wamelifungua kanisa.

Bibi alikuwa ameshakwenda kwenye kamati mara mbili. Alitaka kitu kimoja, jina la baba yake liwe kwenye ubao kabla hajafa. Kamati ilimjibu kwamba hakuna karatasi. Nami nilipokwenda kuuliza, mwenyekiti alinijibu bila hasira.

"Kila ukoo una shujaa wake, fundi. Tukiandika maneno ya mdomo, huo ubao utafika barabarani."

Niliomba niache mstari ule kwanza, nikapanda darini. Nilipobandua mbao za kwanza, nikaona boriti zina alama zilizochomwa kwa chuma cha moto: mwezi, mistari mitatu, kitu kama ndoana. Kila boriti na alama yake. Mtu mwingine angeona uchafu. Mimi nilikaribia kupigwa kule Rungwa kwa kufungua mzinga ambao sikusoma alama yake. Anayetundika mizinga ana alama yake, na wanawe huirithi. Nilishuka mbio nikamuuliza bibi. Akacheka, akasema nimechelewa kuelewa. Baba yake aliagiza kila kaya ilete boriti moja na kuichoma alama ya mizinga yake, asiwepo wa kujificha nyuma ya jirani.

Lakini alama haina mwaka. Nilijua mwenyekiti angesema hivyo, na alisema. Hata hivyo nilikuwa nimezinakili zote kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, nikaitandaza mezani kwake. Alizipitia kwa kidole kama mtu anayesahihisha madaftari. Kwenye miezi miwili iliyogeuziana migongo, kidole kikasimama.

"Hii ni ya babu yangu. Baba hakutundika mizinga."

Nikamuuliza babu alikufa lini. Swali lilikuwa la bure, kijiji kizima kilijua, kwa sababu yeye mwenyewe alisimulia katika kila msiba: babu alikufa kwa njaa ya wakati wa vita, akazikwa na mwinjilisti, maana mzungu hakuwepo bado. Alikuwa ameyasema hayo miaka na miaka bila kusikia kwamba kanisa lililofungwa lisingekuwa na wa kumzika babu, wala paa lenye boriti yake.

Alivua koti, akapanda ngazi mwenyewe. Alikaa huko juu muda mrefu. Aliposhuka alikuwa na utando wa buibui kichwani na masizi ya alama vidoleni. Alikwenda moja kwa moja kwa bibi, nikamfuata. Akamwambia shikamoo, ingawa walikuwa wameshaamkiana asubuhi.

"Mama, tulikosea."

"Mlikosea. Kaa, ugali umeiva."

Siku iliyofuata niliandika jina la mwinjilisti kwa herufi zenye kimo kilekile cha Wajerumani. Nilizipima kwa rula mara mbili. Chini yake mwenyekiti alitaka yaongezwe maneno: "na kaya zote zilizoleta boriti." Siku ya jubilei watu waliacha wageni wa heshima kwenye viti vyao, wakasimama chini ya boriti, maana mbao za dari niliombwa nisizirudishe, kila mmoja akitafuta alama ya kwao na kumwonyesha mwenzake.

Bibi aliniita mbele ya ubao, akasema nisome kutoka juu. Nikasoma Wajerumani wote. Nikafika kwa baba yake.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Akasema tena nirudie, na safari hii sikusikika, kwa sababu kanisa zima lilikuwa limelitaja jina lile pamoja nami.