Nesi Aliyepima kwa Mkono

Nesi wa wodi ya wanawake, hospitali moja ya misheni milimani Iringa, aliuamini mkono wake kuliko kipimajoto. Kila asubuhi alimwamkia mgonjwa kwa Kihehe, "Kamwene," akamgusa paji la uso, ndipo akapima. Siku hiyo ya mwaka 1956 kipimajoto cha mgonjwa mmoja, Evarista, kilionyesha homa kali, ilhali paji lilikuwa baridi. Chini ya blanketi nesi akakuta kikombe cha chai ya moto. Hakumfokea. Aliketi kitandani.

"Mama, homa hii umeipika mwenyewe. Niambie kinachokuuma."

Evarista alifunika uso. "Nikipona mtanirudisha nyumbani Kilolo. Kule hakuna anayeniuliza nimeamkaje."

Nesi akachukua kadi, akaandika bila kusita: "Hana homa. Ni mgonjwa. Asiruhusiwe bado."