Suti ya Maji Baridi

Shemeji yangu alizama kwenye bwawa moja karibu na Bokoli, alipoingia kutoa takataka zilizoziba bomba la pampu ya shamba. Wapiga mbizi walipaswa kutoka Kisumu, na walikuwa na kazi nyingine huko. Kwa hivyo vijana wa kijiji walikokota ndoano kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na kila ndoano iliponasa kitu dada yangu alisimama, kisha akaketi tena ilipoonekana ni gogo au gunia. Mwishowe mwili uliibuka wenyewe. Wazee walimkataza dada kuuona. Miezi mingi baadaye alikuwa bado ananiuliza kama nina uhakika ni mumewe tuliyemzika.

Mimi ni mwalimu wa michezo Kitale, nakaa Tuwan, na kuogelea nilikuwa najua tangu chuoni. Likizo iliyofuata nilishuka Pwani nikajifunza kupiga mbizi. Darasani mtu mwingine wa bara alikuwa mmoja tu, fundi wa kuchomelea vyuma kutoka Bungoma mjini, Mwislamu anayeishi nyuma ya msikiti. Yeye alikuja kwa sababu Mto Nzoia ulikuwa umemchukua mpwa wake. Kabla hatujaachana tulikubaliana kwamba tukishapata vifaa tutakuwa tunaitwa pamoja, na mmoja asipoweza, mwingine haingii majini.

Vifaa ndiyo ilikuwa shida. Pwani tuliazimwa kila kitu, hata viatu. Fundi alisikia kuna mzamiaji mstaafu wa jeshi la wanamaji aliyerudi kwao Sirisia na anauza vitu vyake, basi Jumamosi moja tukaenda. Tulimkuta anakatia ng'ombe majani, mtu mfupi mwenye sauti nzito, hana haraka. Alinawa mikono, akatandaza turubai uani, akaanza kutoa vitu stoo kimoja kimoja.

"Mnataka kuzamia wapi?" akauliza.

"Mabwawa," nikasema. "Na mto, ukiwa umetulia."

"Hiyo ni sasa. Na baadaye?"

Fundi alikuwa na jibu tayari. "Baadaye tuwe kikosi, mzee. Watu sita au saba. Hata ziwani tukiitwa, twende."

"Na wewe mwalimu?"

"Mimi ni bwawa tu," nikasema.

Mzee aliinama kwenye turubai. Suti nyembamba kama zile tulizovaa Pwani alizisukuma kando. Maji ya huku yanashuka kutoka mlimani, alisema, na mtu akianza kutetemeka mikono yake haimsaidii tena. Akatuchagulia suti nene za mpira, zenye kofia na glovu. Yangu ilinibana hadi nikaona aibu kuinua mikono mbele yao. "Hivyo ndivyo inafaa ikae," akasema. "Ikilegea, maji baridi yanaingia na kutoka, ni kama hujavaa kitu."

Miwani alitupimisha bila mkanda. Unaiweka usoni, unavuta pumzi kwa pua, unaachilia mkono. Ya kwanza ilianguka kwenye turubai. Ya pili ikashika.

"Lakini mzee, kule chini si hakuna kitu kinaonekana?"

"Miwani si ya kuona peke yake. Hayo maji yana dawa ya shamba, yana mavi ya ng'ombe. Unataka yaingie machoni?"

Kwenye koti, lile linalojazwa hewa ili uelee na linalobeba mtungi mgongoni, fundi alipenda dogo na jepesi. Mzee akamnyang'anya, akampa lingine zito lenye pete nyingi za chuma. "Chukueni kubwa kuliko mnavyohitaji leo," akasema. "Mtakuja kubeba taa, kisu, kamba. Na mtu."

Fundi akalivaa lile zito. Ng'ombe ndio waliosikika wakitafuna.

Hatukukubaliana naye katika kila kitu. Fundi, ambaye kila siku anashika mitungi ya gesi na geji zake, alipinda bomba la kupumulia karibu na kifaa cha mdomoni, na raba ikaonyesha nyufa.

"Hii hatuwezi kupumulia," nikasema.

"Nimezamia na hiyo miaka mingi, bana!"

"Ndiyo maana, mzee."

Alikasirika, naona. Aliingia ndani akakaa kidogo, kisha akatoka na chai. Mitungi yake pia tuliiacha, kwa sababu muhuri wa kupimwa uliogongwa shingoni ulikuwa umekwisha muda wake zamani. Tulichukua suti, miwani, mapezi ya miguuni na makoti. Mitungi na vifaa vya kupumulia tulinunua vipya baada ya kanisa letu na msikiti wa fundi kutuchangia.

Tulipokuwa tunaaga, mzee alinishika mkono. "Mwalimu, mimi nilitafuta maiti tu. Sikuwahi kuzamia kwa raha yangu hata siku moja. Ndiyo maana niliacha mapema. Ukinunua vitu, fikiria pia maji utakayoyafurahia."

Nilimwambia hakuna maji ninayoyafurahia. Wakati huo ilikuwa kweli.

Tulifanya mazoezi kwenye bwawa la kuogelea la hoteli moja Kitale, tukiwa tumebandika plastiki nyeusi kwenye miwani, tukitafuta matofali kwa mikono. Wageni wa hoteli walitushangaa.

Kisha simu ikaja. Mwanamume mmoja alikuwa amepeleka ng'ombe kunywa maji kwenye bwawa upande huu wa Kitale, akateleza. Fundi alifika kutoka Bungoma akiwa bado na ovaroli ya kazi. Tulipiga kura kwa vijiti nani aingie na nani ashike kamba, na mimi nikaingia.

Taa haikusaidia. Mbele yangu palikuwa na rangi ya chai ya maziwa, halafu giza. Nilipapasa matope nikifuata kamba, nikirudi, nikisogea kidogo, nikifuata tena. Mizizi. Chupa. Halafu kitambaa, na ndani ya kitambaa mkono. Sikuogopa kama nilivyodhani. Niliushika mkono ule nikatulia kwanza, kama unavyomshika mgonjwa, ndipo nikavuta kamba kumwashiria fundi.

Wakati wa kumtoa nilitia hewa kwenye koti, likatuinua wote wawili.

Mkewe alikuwa amezuiliwa na wanaume nyuma ya ua wa michongoma. Nilisikia wakimwambia, "Usiangalie, mama." Nilikuwa bado na kofia ya mpira kichwani. Niliomba maji safi, nikamwosha marehemu uso, nikamfunga kidevu kwa leso yangu, nikawaambia wamwache aje.

Alikuja, akapiga magoti, akamshika shavu. "Ni yeye," akasema. Halafu akalia, na fundi akageukia upande mwingine akianza kukunja kamba ambayo ilikuwa imeshakunjwa.

Dada yangu alisikia habari hizo, akaja Tuwan. Alitaka nimweleze yote. Yule mtu alikuwa amelala vipi? Uso wake ulikuwaje? Nilimweleza bila kumficha kitu, akasikiliza akiwa ameshika kikombe kilichopoa.

"Na wewe ulisikia baridi?" akauliza mwishowe.

"Mikono tu."

"Nenda Pwani Disemba," akasema. "Uzamie mahali penye mwanga. Mimi nitakuangalizia nyumba."

Nilikwenda, na fundi akaja na mkewe. Tangu hapo wengine wawili wamejiunga nasi, na sasa tuko wanne kwenye kikosi. Wiki ijayo kuna muuguzi anayetaka kujiunga, na nimemwambia asinunue chochote kabla hatujakaa naye tukajua anataka kuzamia wapi.